Malalamiko: nani ameipa programu ya muhtasari ruhusa ya kunipangia slaidi?

Wanajukwaa, assalamu alaikum.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi kusema kwa utaratibu, ili waundaji wa programu hii wasipate kisingizio cha kujibu ukali wangu wakaiacha hoja. Programu yenyewe ni ile ya kuandika muhtasari kwa maandishi matupu ambayo wengi wetu hapa tunaitumia: kichwa huanza kwa alama ya reli (#), kichwa kidogo huongezewa alama, na faili lote husomeka kwenye kompyuta yoyote. Kwa kuandikia sina neno nayo. Ugomvi wangu ni ile sehemu mpya ya kutoa slaidi, iliyotangazwa kwa mbwembwe kwamba mtu ataandika muhtasari wake, atabonyeza mara moja, na wasilisho litakuwa tayari.

Nilikuwa nikiandaa somo kwa mafundi vijana wa hapa Lamu kuhusu nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Somo la aina hii ni muhtasari hata kabla hujaliandika. Ukiingia nyumba ya Kiamu unaanzia dakani (baraza ya mlangoni), unapita tekani (njia ya kuingilia), unatokea kiwandani (uani), kisha msana wa tini na msana wa yuu (ukumbi wa chini na wa juu), ndipo ufike ndani penye zidaka za plasta, yaani vishubaka vya ukutani. Na kila mahali pana mambo yake ya kufundisha, kuanzia kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hadi boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba viwe virefu na vyembamba, upana usizidi mita 3 hivi. Basi ngazi ya kwanza ya muhtasari wangu ilikuwa sehemu ya somo, ya pili chumba, ya tatu kile kilichomo chumbani. Kila chumba slaidi yake.

Programu ilitii mpango huo mpaka nilipoongeza sentensi ya utangulizi chini ya kichwa cha sehemu ya kwanza. Sentensi moja tu! Wasilisho lote likaporomoka: vyumba vyote, kuanzia daka hadi choo, vikasongamana katika slaidi moja kwa herufi ndogo kama mchanga, na sehemu nyingine za somo, ambazo sikuzigusa hata kwa nukta, nazo zikapatwa na yayo hayo. Maelezo ya matumizi hayasemi lolote kuhusu jambo hili, kwa hiyo ilinibidi nisome msimbo wenyewe, na humo nikakuta kwamba programu hutafuta katika faili zima kichwa cha ngazi ya juu kabisa kinachofuatwa moja kwa moja na maandishi badala ya kufuatwa na kichwa kingine, kisha huamua kwamba ngazi hiyo ndiyo ya slaidi. Sentensi yangu iliipandisha ngazi kutoka ya pili hadi ya kwanza, kimyakimya, bila onyo lolote kwenye skrini.

Kanuni yenyewe si ya ajabu. Pandoc ya John MacFarlane, programu ya kugeuza faili kutoka muundo mmoja hadi mwingine, hukisia kwa njia iyo hiyo mtu asipotamka, lakini mwongozo wake unaeleza kanuni hiyo waziwazi, na chaguo la `--slide-level` lipo kwa anayetaka kutaja namba yake. Org mode, chombo cha kuandikia muhtasari ndani ya kihariri cha Emacs, inapotoa slaidi za Beamer (mfumo wa slaidi wa LaTeX), humwachia mwandishi aweke `H:2`, yaani ngazi ya pili, juu ya faili, na suala limekwisha. Hawa wa kwetu wamechukua ukisiaji, wakaacha nyuma haki ya kutamka. Mimi ndiye ninayejua slaidi yangu inaanzia wapi, na nilikwisha kusema hivyo kwa alama za reli.

Maandishi yakizidi nafasi, programu hupunguza fonti ya slaidi hiyo peke yake, hupunguza tena, na ikifika kikomo chake hukata kilichobaki. Narudia: hukata. Slaidi ya zidaka ilipoteza mistari yake ya mwisho, yaani maelezo ya kuchanganya chokaa, ambayo ndiyo hasa vijana walikuja kuyasikia, na faili la PDF likatoka safi kana kwamba hakuna kilichotokea. Beamer nayo inalo chaguo la kubana, lakini mwongozo wake unalikemea vikali kwa sababu ukubwa wa herufi hubadilika slaidi hadi slaidi. Inalo pia chaguo la kuigawa slaidi ndefu iendelee kwenye inayofuata. Na mtu asipochagua lolote, huandika katika kumbukumbu ya uchapaji kwamba maandishi yamefurika. Mwandishi aliyeambiwa atapunguza maneno mwenyewe. Asiyeambiwa ataumbuka ukumbini.

Na kuumbuka niliumbuka. Maelezo yanasema kwamba mstari ulioanza kwa alama ya maoni, yaani maneno ya mwandishi peke yake, hautatokea popote katika faili linalotolewa. Hautokei, ila ukikaa ndani ya orodha, hapo unachapwa kama kipengele cha kawaida. Ndivyo ukuta ulivyoonyesha, mbele ya wazee wa mitaa tuliowaalika kwa heshima zote, maneno niliyojiandikia mwenyewe: «Hapa usiruhusu ubishi wa Mkomani na Langoni uanze.» Ubishi wa mitaa hiyo miwili ya mji, bila shaka, ulianza, na muda wa somo ukaishia humo.

Kuhusu mstari wa Kiarabu ulio juu ya mlango, ambao ulitoka herufi zake zimeachana na zimepangwa kutoka kushoto, nitafungua uzi mwingine. Toleo la kivinjari nalo huvuta maktaba yake ya msimbo kutoka mtandaoni kila linapofunguliwa, na mtandao ukikatika, jambo ambalo kisiwani halimshangazi mtu, slaidi hugeuka ukurasa mmoja mrefu usio na mpangilio. Kila kitu kingeweza kufungashwa ndani ya faili moja. Pandoc inalo chaguo la `--embed-resources` kwa kazi hiyo.

Najua kuna atakayekuja kusema programu ni ya bure na asiyeridhika aiache. Bei haihusiani na ukimya. Sijadai rangi, michoro wala vitu vinavyoruka kwenye skrini. Nadai mstari mmoja juu ya faili wa kutamka ngazi ya slaidi, nao uheshimiwe hata nikiongeza utangulizi wa kurasa mbili. Nadai onyo lenye jina la kichwa pale maandishi yanapofurika, na kusiwe na kukata kabisa. Na maoni yafichwe popote yalipo, ndani ya orodha au nje yake.

Faili la muhtasari nimeliambatisha hapa pamoja na PDF iliyotoka. Anayebisha afute ile sentensi ya utangulizi, atoe slaidi upya, kisha alinganishe idadi ya kurasa.