Mjadala: Siku sita za Mwanzo 1, tuzihesabu kwa saa?

Kalamu Kavu (mleta mada)
Wakuu, naileta hoja ipigwe mawe. Anayesoma Mwanzo 1 kama ripoti ya maabara haitetei Biblia, anaitwika mzigo ambao haikuuomba. Na anayekimbilia "hiyo ni lugha ya picha" kila sayansi inapombana hajafasiri kitu, amekwepa. Aina ya andiko iamuliwe na andiko lenyewe, kabla hatujamuuliza mtu wa miamba na visukuku.

Basi tuliangalie. Nuru inatokea siku ya kwanza (1:3), jua na mwezi siku ya nne (1:14-19). Jioni tatu na asubuhi tatu zimepita bila jua. Sasa chukua karatasi, ziandike siku kwa safu mbili. Juu: 1 nuru na giza, 2 anga na maji, 3 nchi kavu na mimea. Chini yake: 4 mianga, 5 ndege na viumbe wa majini, 6 wanyama na mtu. Kila siku ya chini inaleta wakazi wa nyumba iliyojengwa juu yake. Halafu jua halitajwi kwa jina. Kiebrania kina neno *shemesh*, lakini mwandishi kalipita, kasema "mwanga mkubwa" tu. Babeli waliabudu jua kwa jina la Shamash. Kwa msomaji wa zama zile, ile 1:16 ilikuwa kofi.

Nanga
Umeeleza vizuri, mtumishi, ila mpangilio haufuti historia. Mathayo 1 kapanga vizazi kumi na vinne mara tatu, na hakuna anayesema kwa hiyo Daudi hakuwepo.

Unayoyaruka ni haya. Neno *yom*, yaani "siku" kwa Kiebrania, hapo limefungwa na namba, limefungwa tena na "ikawa jioni ikawa asubuhi". Kisha Kutoka 20:11: fanya kazi siku sita, kwa maana kwa siku sita BWANA alifanya mbingu na nchi. Huwezi kumpa mtu amri ya juma kwa siku za kawaida na sababu yake iwe mamilioni ya miaka. Tamko la Chicago la 1978, la wasomi wa kiinjili kuhusu kutokukosea kwa Maandiko, ibara ya 12, linakataa dhana za kisayansi kuhusu historia ya dunia zitumike kupindua mafundisho ya uumbaji na gharika. Mbona huo mpangilio wenu umeonekana baada ya wanajiolojia kuja? Bwana ni nani hapo, Neno au nyundo ya kupasulia mawe?

Darubini
Swali la "bwana ni nani" ni zuri kuliko majibu mengi linayopewa. Lakini historia umeikata. Augustino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, mwanzoni mwa karne ya 5, aliandika kitabu kizima juu ya maana halisi ya Mwanzo, akashikilia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba zile si siku za jua. Jiolojia haikuwepo. Calvin naye, mwanamatengenezo wa Kanisa, katika ufafanuzi wake wa Mwanzo wa 1554, alifika 1:16 akasema wazi kuwa wataalamu wa nyota wamethibitisha sayari ya Zohali ni kubwa kuliko mwezi. Musa aliandika kadiri jicho la mtu wa kawaida linavyoona. Calvin hakuita hilo kosa.

Na ukishasoma ibara ya 12, endelea na ya 13. Inakataa Maandiko yapimwe kwa vipimo vigeni kwa matumizi yake, na inataja namba zilizokadiriwa na maelezo ya maumbile kama yanavyoonekana kwa macho.

Nanga
Augustino huyohuyo alisema tangu mtu aumbwe haijatimia miaka 6000. Siku alizifupisha, hakuzirefusha. Msimkope nusu.

Mama Shemasi
Hapo kwenye miaka wengi wanateleza, kwa hiyo tupige hesabu. Jumlisha umri wa kila baba katika Mwanzo 5, Adamu hadi Lameki, alipomzaa mwanawe, ongeza miaka 600 ya Nuhu (7:6). Kiebrania tunachokitafsiri kinatoa 1656 toka Adamu hadi gharika. Torati ya Wasamaria inatoa 1307. Tafsiri ya Kiyunani ya kale inatoa 2242, kwa sababu baba wengi wameongezewa miaka mia: Adamu anamzaa Sethi akiwa na 230 badala ya 130.

Sasa mwangalie Methusela: umri wake akimzaa Lameki, wa Lameki akimzaa Nuhu, na wa Nuhu gharika ilipokuja. Katika Kiebrania: 187 + 182 + 600 = 969, anakufa mwaka uleule wa gharika. Katika Kiyunani, kwenye nakala zenye 167: 167 + 188 + 600 = 955, na bado aliishi 969. Maana yake alivuka gharika miaka 14 bila safina! Augustino aliliona tatizo hili, akaona nakala ndiyo imekosewa. Ile 4004 KK, mwaka wa uumbaji alioukokotoa Askofu Mkuu Ussher mwaka 1650, imesimama juu ya mkondo mmoja tu wa nakala. Ninyi mnaohubiri tarehe, semeni kwanza mmeshika mkondo upi na kwa nini.

Darubini
Tena "akamzaa" si lazima awe baba mzazi. Mathayo 1:8, Yoramu akamzaa Uzia. Nenda 1 Nyakati 3:11-12: katikati wameachwa Ahazia, Yoashi na Amazia.

Nanga
Pengo la Mathayo halikusaidii kwenye Mwanzo 5. Pale umri umetajwa. Hata Enoshi akiwa mjukuu wa mbali wa Sethi, bado inasemwa Sethi alikuwa na miaka 105. Ruka majina upendavyo, hesabu haisogei.

Kalamu Kavu
Hapo Nanga kasema kweli. Hoja ya mapengo iacheni, imechoka.

Mimi narudi kwenye lugha. Sura ya 1 wanyama kwanza, mtu baadaye. Sura ya 2 mtu ameumbwa (2:7), anakuwa peke yake (2:18), ndipo 2:19 Mungu "akafanyiza" wanyama. Hiyo -ka- yetu inabeba vizuri mnyororo wa Kiebrania: hiki, kisha hiki. Baadhi ya tafsiri za lugha nyingine zimeweka "alikuwa amefanya" ili sura zisigongane. Ukiona mfasiri anapiga pasi kunjo, jiulize kunjo liliwekwa na nani. Aliyeziweka sura hizi bega kwa bega aliziona zote mbili na hakusumbuka.

Mfano mwepesi zaidi: Zaburi 16:7 kwa Kiebrania ni "figo zangu zinanifundisha usiku". Hakuna anayepeleka aya hiyo kwa daktari wa figo, wala anayesema Zaburi imedanganya.

Nanga
Zaburi ni wimbo, sibishi. Ila Warumi 5:12-19 si wimbo. Kwa mtu mmoja dhambi iliingia. Luka 3:38 anamfikisha Yesu hadi Adamu. Picha zenu zinaishia aya gani?

Darubini
Papa Pius XII aliligusa hilo mwaka 1950: akaruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa mtu kutoka viumbe hai waliotangulia, lakini wazo la wazazi wengi wa kwanza akalikatalia, hasa kwa sababu ya Warumi 5.

Kalamu Kavu
Nami simwondoi Adamu. Ila nijibu kwa utaratibu wako wa kusoma. Mwanzo 4:14, Kaini anaogopa kuuawa na yeyote atakayemwona. Sethi anazaliwa 4:25, badala ya Habili. Wana wengine, waume na wake, wanatajwa 5:4, baada ya Sethi. Ukisema masimulizi hayafuati mpangilio wa wakati, umekuja upande wangu. Ukisema yanafuata, niambie Kaini alikuwa akimwogopa nani.