Vyumba vinane LUKU moja: wanafunzi wa Nyegezi tunaliwa na wenye nyumba

Wakuu, naandika hapa kwa hasira, maana kwenye geti letu (nyumba tuliyopanga) kila ukiuliza jambo la umeme unajibiwa "kama hutaki, hama".

Nimepanga Nyegezi, Mwanza. Vyumba vinane, karibu wote wanafunzi, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja. Mama mwenye nyumba ameamua kila kichwa kitoe elfu kumi ya umeme kwa mwezi, uwe unapikia umeme au unawasha taa tu.

Mimi nina taa ya wati 9, simu na laptop. Nikiiwasha laptop yenye wati 50 kwa saa nne kila siku, na taa saa tano, kwa mwezi sivuki uniti 8. Bei yetu ni shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika kama 356. Uniti 8 hazifiki hata elfu tatu! Zile elfu saba nyingine ninamlipia nani?

Sehemu yake namlipia jirani mwenye jiko la koili. Anabandika maharage makavu, saa mbili jiko linawaka. Wati 1,500 kwa saa mbili ni uniti 3, zaidi ya shilingi elfu moja kwa sufuria moja. Akiepua anatumbukiza hita kwenye ndoo ya kuogea. Ukimwambia, anasema na yeye ametoa elfu kumi yake. Na kwa utaratibu huu hana sababu ya kubana matumizi, akibana anapata nini?

Ila jirani ni mwanafunzi mwenzangu, tutaelewana. Friji la soda la duka la mama mwenye nyumba limechomekwa kwenye LUKU hiyo hiyo tunayoichangia. Usiku na mchana linanguruma. Yeye hachangii hata mia.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Mtumiaji wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anawekwa D1, kundi la bei nafuu, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato. Wengi wetu, kila mtu akiwa na LUKU yake, tungekaa humo bila shida. Tumerundikwa kwenye mita moja, kwa hiyo nyumba nzima inahesabiwa kama mtumiaji mmoja mkubwa na iko T1, kundi la bei ya kawaida, ile 292. Elfu tano kwa wa D1 ni karibu uniti 41. Kwetu ni 14. Watu wanaoishi kwa bumu (mkopo wa wanafunzi) ndio wanaonunua umeme kwa bei karibu mara tatu!

Na kodi ya jengo. Kila mwezi LUKU inakata 1,500, ni 18,000 kwa mwaka, na hiyo kodi ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Nilimwomba kwa heshima aipunguze kwenye kodi ya chumba. Akaniuliza nani kanifundisha ujuaji.

Maji ndiyo usiseme. Ziwa tunaliona kutoka dirishani, bili tunatozwa kwa kichwa, karatasi ya bili hatujawahi kuonyeshwa. Koki ya chooni inavuja tangu muhula uliopita na kila tone lipo kwenye bili hiyo.

Tulikaa kikao wapangaji wote, hata huyo wa maharage alikuwepo. Tukakubaliana tuchange wenyewe, fundi afunge mita ndogo kila chumba, tarehe mosi tunasoma, kila mtu anazidisha uniti zake kwa bei. D1 tusingeipata kwa njia hiyo, lakini angalau kila mtu angebeba mzigo wake. Wa maharage akasema atahamia kwenye gesi ya mtungi mdogo, au atafute jiko la presha la umeme, ambalo linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Mama mwenye nyumba akakataa katakata, eti tutamharibia nyaya. Nyaya gani? Anajua tukifunga mita, friji la duka litabaki peke yake kwenye hesabu.

Naomba msaada wa aina mbili. Wanaojua sheria: mpangaji anapeleka wapi suala la kodi ya jengo, serikali ya mtaa au TRA moja kwa moja? Na mwenye kujua chumba Malimbe, Sweya au Luchelele chenye LUKU yake aweke hapa bei na miezi inayotakiwa kulipwa mbele. Kodi yangu inaisha mwezi huu, na shilingi nyingine ya friji la soda sitoi.