Mafundi umeme mliojiunga na mpango wa uthibitisho, tupeane uzoefu: umewasaidia?

Mkaza_Skrubu:
Habari zenu wakuu. Nimekuwa fundi umeme kwa miaka 11, na karibu kazi zangu zote nimezipata kwa mteja mmoja kunielekeza kwa mwingine. Mwezi uliopita nilinyimwa kazi ya jengo la ghorofa 2, si kwa sababu ya bei wala ujuzi, bali kwa kuwa jina langu halimo katika orodha ya mafundi waliothibitishwa. Naambiwa nikijiunga nitalipa ada kila mwaka, nitatakiwa niwe na bima na mita ya kupimia nyaya iliyohakikiwa usahihi wake, na mkaguzi atakuja kupekua kazi zangu atakazozichagua mwenyewe. Mliomo ndani, faida mmeiona, au mnalipia nembo ya kubandika kwenye gari?

Koleo_Jekundu:
Mimi huu ni mwaka wa 6. Nembo ya kubandika kwenye gari, basi.

DadaSaketi:
Kaka Koleo, usimkatishe mwenzako tamaa. Mimi nimefaidika mahali ambapo sikupategemea: mteja alipogoma kumalizia malipo akidai kazi ni mbovu, mpango ulimtuma mtaalamu wake kutazama, akaandika kwamba kazi iko sawa, nami nikalipwa. Wateja wapya, kusema kweli, sikuletewa wengi.

Mzee wa Fyuzi:
Kabla ya kutoa ada, uliza jambo moja: mpango huo unamthibitisha mtu au unaisajili kampuni? Kuna kampuni ambazo msimamizi 1 ndiye aliyekaguliwa, kisha vijana 20 ambao hawajawahi kushika mita wanakwenda majumbani chini ya cheti chake. Mipango inayompima fundi mwenyewe kwa mtihani na kwa vitendo ni kitu kingine kabisa; ipo hata kanuni ya kimataifa ya vyombo vinavyothibitisha watu, ISO/IEC 17024.

Koleo_Jekundu:
Mzee, hao vijana 20 ni wangu, na wana adabu ya kazi kuliko wengi wenye vyeti.

Mzee wa Fyuzi:
Sikukutaja, mwanangu. Umejitaja mwenyewe.

Ngazi_Ndefu:
Sikukusudia kuandika humu, lakini hilo neno "nembo" limenichoma. Nilikuwa nimekwisha kuthibitishwa nilipofanya wayaringi ya nyumba moja yenye saketi 9. Siku ya kukabidhi muda ulinibana, wenyewe walikuwa wanaingiza vitanda, nikapima saketi ya kwanza tu, ile ya taa za nje. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ukasoma omu 0.36, yaani kiasi unavyozuia umeme kupita. Nikaketi kwenye ngazi, nikajaza 0.36 kwa saketi zote 9, nikatia sahihi.

Baadaye mama mwenye nyumba alinipigia simu akasema kwamba maji ya bafuni "yanauma vidole". Nikamjibu, huku naendelea kukunja bomba la nyaya, kwamba hita imewekewa moto mno, apunguze.

Mkaguzi wa mwaka alipokuja, akaichagua nyumba hiyohiyo. Hakufungua hata mkoba wake. Alisoma karatasi, akaniuliza taa za nje ziko umbali gani kutoka kwenye bodi. Nikasema kama mita 30. Soketi ya jikoni? Nikasema mita 5. Akaniuliza taratibu: waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, na wa 2.5 wenye urefu wa mita 5, vinalinganaje? Jibu nililijua, kwa sababu huo mfupi haufiki hata omu 0.05. Tukaenda kuipima hita, na mita ikaonyesha kwamba njia ya ethi imekatika. Nilipofungua kisanduku cha nyuma nikaukuta waya wangu wa ethi, ule wa kijani na njano, umekunjwa na kufungwa utepe mweusi, haujakazwa popote. Mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa nimepanga kurudi kuumalizia.

Koleo_Jekundu:
Kwa hiyo mwenye cheti ndiye aliyeghushi vipimo! Mada imefungwa.

DadaSaketi:
Na aliyemkamata ni nani, kama si mpango wenyewe?

Testa_Mfukoni:
Lakini nyumba ingekuwa na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, si kingekata mapema?

DadaSaketi:
Si lazima. Kifaa hicho kimeundwa kisikate uvujaji usiozidi nusu ya kiwango chake, yaani miliampea 15, ilhali mtu anaweza kuanza kuuhisi umeme kwenye nusu miliampea tu, na ukifika 10 hivi misuli inaweza kukaza mkono ukashindwa kuachia bomba. Yule mama alikuwa anasoma uvujaji kwa vidole vyake.

Testa_Mfukoni:
Umenikosesha usingizi, dada. Kesho narudi nyumba 2.

Mzee wa Fyuzi:
Ngazi, walikufanya nini?

Ngazi_Ndefu:
Walinisimamisha, na nikarudia kwa gharama yangu vipimo vya kazi zote za mwaka ule. Mama nilimwomba radhi. Aliniuliza kama sasa anaweza kupandisha moto wa hita, kwa maana tangu siku ile ya simu alikuwa anaoga maji ya baridi.

Koleo_Jekundu:
Haya, hapo nimenyamaza. Ila ushauri wangu kwa mleta mada ni uleule: jiunge kama kuna zabuni unayoitaka, vinginevyo nunua mita nzuri kwa fedha hiyo ya ada.

Testa_Mfukoni:
Mimi nasema ajiunge kwanza, mita ataazima.

Mzee wa Fyuzi:
Mita ya kuazima hurudishwa kabla saketi hazijaisha.

Mkaza_Skrubu:
Nawashukuru nyote. Nimeisoma fomu: inataka kazi 2 nilizozimaliza ndani ya miezi 12, pamoja na karatasi zake za vipimo. Kazi ninazo, tena nzuri, ila karatasi sina hata moja, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiwasha taa, nikiona zinawaka, naondoka. Je, mkaguzi hukubali vipimo vilivyochukuliwa baadaye?

DadaSaketi:
Wangu alikubali, kwa sharti kwamba niandike tarehe niliyopima kweli.