Figo: India au Benjamin Mkapa?

Mzee wa Area D: Wadau, ukoo wetu unachangishana kumpeleka mdogo wangu India, figo zimegoma. Mimi nahoji: Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma wanapandikiza tangu 2018. Tiba ya India ni bora kweli, au ni raha ya kugongewa muhuri kwenye pasipoti?

Kibaigwa Mahindi: Mpeleke. India wanapandikiza kila uchao, na fundi ni mkono uliozoea.

Binti Kikuyu: Ukubwa wa nchi si ubora. WHO, Shirika la Afya Duniani, walipopanga nchi kwa ubora wa mifumo ya afya mwaka 2000, Ufaransa ilishika namba moja, Marekani na mapesa yake yote ya 37.

Kibaigwa Mahindi: Dada, hiyo orodha ina umri wa mtu mwenye watoto! Na WHO wenyewe hawakurudia kuipanga. Tuache mashine, kwetu tatizo ni manesi. Mama yangu alilazwa wilaya fulani, nesi anamfokea huku anakula chipsi.

Kanda Nyeupe: Chipsi? Umewahi kukesha wodini na wagonjwa arobaini peke yako? Nesi naye ana tumbo.

Kibaigwa Mahindi: Tumbo analo, na mdomo pia anao. Ndio ninaoulalamikia.

Mtoro wa Leicester: Huku Uingereza NHS, huduma ya afya ya taifa, ni ya tangu 1948, hulipi mlangoni, lakini foleni ya upasuaji unaisubiri hadi unasahau ulikuwa unaumwa nini. Nesi hafoki, anakuita "darling" tu.

Kanda Nyeupe: Darling haishushi presha. Serikali zetu ziliahidi Abuja mwaka juzi…

Binti Kikuyu: 2001, mama. Asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya.

Kanda Nyeupe: Hiyo hiyo. Ingetimia tungekuwa watatu zamu moja, na chipsi ningekula kantini.

Kibaigwa Mahindi: Kumbe ni wewe!

Kanda Nyeupe: Kaka, nina adabu zangu, usinivunjie heshima mbele za watu.

Chigogo Halisi: Samahani, nirudi kwenye figo. Akishapandikizwa atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo maisha yake yote, na kliniki haiishi. Akatibiwe Delhi, halafu nauli ya kliniki nani atalipa?

Mtoro wa Leicester: Nauliza tu, zilikuwa chipsi kavu au chipsi mayai?

Kibaigwa Mahindi: Mayai. Na kachumbari.

Binti Kikuyu: Na hawa ndio tunawategemea kwa ushauri. Mzee, mtoaji wa figo mmeshampata?

Mzee wa Area D: Ndugu tulipima wanne. Ambaye figo yake inamfaa ni mimi. Sasa mnaelewa kwa nini naulizia sana kisu cha nani.

Kanda Nyeupe: Pole baba yangu, na hongera. Chumvi punguza kuanzia leo.

Kibaigwa Mahindi: Mungu akutangulie mzee. Ila chipsi niliziona.