Mradi wa mwisho wa uzamili wa ukutubi umekuwa usanii mtupu

Wakuu, habari za humu.

Hili tuliongelee bila kupakana mafuta. Mwanafunzi wa uzamili wa ukutubi anaambiwa mradi wake wa mwisho utatue tatizo la maktaba halisi. Anachagua kujenga hazina ya kidijitali ya tasnifu kwa DSpace (programu ya kuhifadhi na kuonyesha kazi za chuo mtandaoni), au kuhamishia orodha ya maktaba kwenye Koha (programu ya kuendesha maktaba). Safi kabisa. Siku ya utetezi, jopo linamaliza saa nzima kwenye pambizo, nafasi kati ya mistari na "nadharia yako iko wapi sura ya pili". Mfumo wenyewe unapewa dakika tano, tena kwenye kompyuta ya mwanafunzi, na hakuna hata mmoja anayeandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Maksi zinatoka, kompyuta inafungwa, na maktaba iliyoahidiwa mfumo inaendelea na daftari lake la kuazimisha vitabu.

Linaloudhi kuliko yote ni dodoso. Mtu amejenga mfumo, bado anadaiwa sampuli ya Yamane, ile fomula ya idadi ya watu wa kuhoji. Watumiaji 1,200, kosa la 0.05: 1,200 gawanya kwa 4 (yaani 1 + 1,200 × 0.05²), jibu 300. Dodoso 300 za kurasa nne ni kurasa 1,200 za kuchapa, ili mwisho wa siku tusome kwamba wengi "wanakubali sana" kuwa mfumo ni muhimu. Mfumo ambao hawajaugusa! Mfumo wa kutafutia unapimwa kwa kukaa na watu wanane, mmoja mmoja, kila mtu na kazi sita: tafuta tasnifu ya mwaka fulani, ipakue, onyesha kazi zote za mwandishi huyu, na kadhalika. Unahesabu kazi ngapi zimekamilika, kwa dakika ngapi, na mtu amekwama wapi. Siku mbili umemaliza.

Sasa njooni kwenye rekodi zenyewe, maana huku ndiko aibu ilikojificha. Ripoti inasema "rekodi 500 zimeingizwa". Fungua kumi tu. Mtu amechukua rekodi ya kitabu cha Kiingereza kama kiolezo, akabadilisha jina la kitabu na la mwandishi, akahifadhi. Uga wa 245, yaani sehemu ya jina la kitabu katika MARC (muundo wa rekodi za maktaba), umebaki na viashiria (tarakimu mbili za kuielekeza programu) 1 na 4. Ile 4 inaiambia programu iruke herufi nne za mwanzo wakati wa kupanga, kwa sababu ya "The" na nafasi yake. Kiswahili hakina mdudu huyo, hapo panatakiwa 0. Matokeo yake kitabu kinachoanza na "Kamusi" kinapangwa kwenye "si". Msomaji akipitia herufi K hakioni, anaondoka akijua maktaba haina kamusi.

Uga wa 008, wenye msimbo wa lugha ya kitabu, hivyo hivyo: nafasi ya 35 hadi 37 imebaki "eng" badala ya "swa", kwa hiyo ukichuja kwa lugha ya Kiswahili unapata sifuri katika maktaba iliyojaa vitabu vya Kiswahili. Tenzi zimepewa 496.392, ambayo katika mpangilio wa Dewey ni namba ya lugha, wakati fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Na Shaaban Robert huyo huyo mmoja ni watu watatu: "Robert, Shaaban", "Shaaban Robert" na "Shabani Robert", kwa kuwa hakuna aliyefungua faili la majina ya mamlaka (orodha ya umbo moja rasmi la kila jina) hata siku moja. Haya si mambo ya kiufundi ya watu wa kompyuta. Ni ukutubi, ndiyo kazi tuliyosomea, na ndicho kitu ambacho jopo halikikagui.

Kuna kichekesho kingine cha Koha. Mwanafunzi anaingiza rekodi, anahifadhi, anatafuta, haipo. Anaingiza tena. Na tena. Kumbe rekodi ziko salama kwenye hifadhidata, ila Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, haijazipanga kwenye faharasa. Amri moja, koha-rebuild-zebra -f ikifuatwa na jina la tovuti yake ya Koha, inamaliza ubishi. Lakini kwa kuwa hakuna wa kumwambia, anakwenda kwenye utetezi na nakala tatu tatu za kila kitabu, halafu idadi inasifiwa!

Kwa wanaokimbilia hazina ya tasnifu: piga hesabu kabla ya kuandika pendekezo. Ukurasa mmoja wa A4 kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) za rangi, picha ya TIFF isiyobanwa, ni kama MB 26. Tasnifu 60 za kurasa 120 ni kurasa 7,200, yaani karibu GB 187, na hiyo ni nakala moja kabla ya bakapu. Tasnifu zimejalidiwa, haziingii kwenye skana ya kulisha karatasi, kwa hiyo ni kugeuza ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo. Dakika moja kwa ukurasa ni saa 120, siku 15 za kazi bila kwenda hata kunywa chai. Kisha utambuzi wa maandishi: Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ina faili la Kiswahili, swa. Watu wanaiacha isome kwa Kiingereza, halafu wanashangaa utafutaji ndani ya matini haufanyi kazi. Pendekezo linalosema "tasnifu zote tangu chuo kianze, wiki nne" lilitakiwa kukataliwa mlangoni. Linapitishwa, mwanafunzi anaishia kuskani majalada na ikisiri.

Halafu seva. Tangu toleo la 7, DSpace imegawanyika: nyuma (upande wa seva) kuna Java, hifadhidata ya PostgreSQL na Solr ya utafutaji, mbele (anachokiona mtumiaji) kuna Angular. Kompyuta ya RAM GB 4 inakwama pale pale kwenye kujenga sehemu ya mbele. Ikijengeka, kwenye kompyuta ya mwenyewe kila kitu kinakwenda. Ihamishie kwenye seva bila cheti cha HTTPS, kuingia kwenye akaunti kunagoma, na mpangilio wa dspace.ui.url (anwani ya tovuti) ukitofautiana na anwani halisi hata kidogo tu, kunagoma vilevile. Cheti cha Let's Encrypt ni cha bure ila cha siku 90. Asiyeweka kujihuisha chenyewe, mfumo wake una nguvu ya soda: miezi mitatu, kwisha. Na angalieni anwani za vitu. Ukiona 123456789 katikati, ujue hakuna aliyesajili kiambishi cha Handle, mfumo wa anwani za kudumu. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na programu, na kiungo chake hakitambuliki popote nje ya seva hiyo.

Ninachodai ni kidogo. Nusu ya maksi iende kwenye mfumo. Mjumbe mmoja wa jopo aufungue kwenye simu yake, kwa bando lake, achague rekodi 20 bila kuelekezwa na ahesabu makosa. Na maktaba iliyopokea itie sahihi miezi mitatu baadaye, si siku ya keki.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza akabidhi nini ili DSpace iendelee kuishi akishaondoka. Hifadhidata ya PostgreSQL, folda ya assetstore (ndimo zilimo PDF zenyewe), faili la mipangilio la local.cfg, na takwimu za matumizi zilizoko Solr. Faharasa ya kutafutia usihangaike nayo, amri ya index-discovery -b inaijenga upya, lakini takwimu zikipotea zimepotea. Wengi wanakabidhi hifadhidata peke yake. Ukiirejesha unaona majina yote, ikisiri zote, na ukibonyeza PDF hakuna hata moja inayofunguka.