Kikundi cha ukoo: taimauti iliyobaki mfukoni

*Alhamisi, 28 Novemba 2024*

Salim (Chicago): Asalaam aleikum jamaa. Najua huko Mombasa ni karibu saa sita usiku, mniwie radhi. Nimeumia na hapa nyumbani kila mtu kanyamaza, chakula cha sikukuu kimepoa mezani.

Shangazi Mwanaisha: Waaleikum salaam mwanangu. Nani mgonjwa?

Salim: Hakuna mgonjwa, Shangazi. Ni Bears, timu yetu ya Chicago ya futiboli ya Kimarekani. Tumefungwa na Lions kulekule kwao Detroit, 23 kwa 20.

Shangazi Mwanaisha: Alhamdulillah. Moyo ulishanipanda. Haya, poleni.

Ami Hamadi: Mimi sijalala. Hebu nieleze taratibu, mpira huo wa mikono siujui vizuri.

Salim: Shikamoo Ami. Mapumziko tulikwenda 16 kwa 0, tumekufa kabisa. Tukarudi mchezoni. Mwisho mpira ni wetu, tumeshaingia upande wao. Tukisogea kidogo tu, Cairo Santos, mpigaji wetu wa mguu, anapiga kati ya nguzo, pointi 3, tunaingia muda wa nyongeza. Basi Caleb Williams, mrusha pasi wetu, akaangushwa na mpira mkononi, tukarudishwa nyuma hadi yadi ya 41. Zimebaki sekunde 30 na kitu.

Ami Hamadi: Marahaba. Na saa inakwenda?

Salim: Inakwenda! Pasi ikidondoka saa husimama. Mwenye mpira akiangushwa katikati ya uwanja haisimami. Dawa yake ni taimauti. Kila timu hupewa 3 kila nusu ya mchezo, na sisi tulikuwa bado na 1. Kocha anamwomba mwamuzi tu, basi, saa inasimama papo hapo.

Ami Hamadi: Na hakuomba?

Salim: Hakuomba, Ami. Nilipiga kelele sebuleni mpaka watoto wakaogopa. Vijana wanahangaika kujipanga, 20, 15, 10... mpira unaanza kuchezwa zimebaki 6. Williams akarusha mbali kwa mwenzake Rome Odunze, ukaanguka. Mchezo kwisha, na taimauti yetu ipo.

Rukia (Minneapolis): Pole Salim. Lakini mbona Williams mwenyewe hakuiomba? Mchezaji aliye uwanjani anaruhusiwa.

Salim: Anaruhusiwa, dada. Lakini huu ni msimu wake wa kwanza. Ndiyo kwanza anainuka chini, uwanja una paa, kelele hazina pa kutokea. Kocha amesimama pembeni, hakuna anayemkimbiza. Wakati ule ana kazi gani nyingine zaidi ya kuangalia saa?

Rukia: Kocha wenu Eberflus amewaambia waandishi alitaka wacheze haraka saa ikiwa kwenye sekunde 18, wasogee, halafu ndiyo atumie taimauti kabla ya Santos kupiga. Hakuwa amelala. Alikuwa na hesabu yake.

Ami Hamadi: Hesabu ni nzuri, Rukia, kama vijana wako wamesimama mahali pao. Ukiwaona wamechanganyikiwa unaiacha. Mimi nimefundisha vijana soka miaka 11 na sisi saa haisimami hata ufanyeje. Mara ngapi nimetamani nusu dakika tu ya kuwaita pembeni niwatulize! Huyu amepewa, hakuitumia. Hilo limeniuma hata mimi nisiyejua mchezo.

Salim: Na si mara ya kwanza, Ami. Tarehe 27 Oktoba, Washington, tunaongoza 15 kwa 12. Zimebaki sekunde chache, tukawaachia yadi 13 za bure kando ya mstari. Pasi iliyofuata mrushaji wao Jayden Daniels akarusha juu kabisa, yadi 52, mwenzake Noah Brown akadaka. Tukafungwa 18 kwa 15. Tarehe 17 Novemba na Packers, muda upo na taimauti ipo, tukaiacha saa iishe ili Santos apige kutoka yadi 46. Ukazuiwa. 20 kwa 19. Mara tatu katika mwezi mmoja na siku moja, wallahi.

Rukia: Hiyo ya Packers sina la kumtetea. Wangesogea kwanza.

*Ijumaa, 29 Novemba*

Rukia: Eberflus amepigwa kalamu.

Salim: Nimeona. Timu hii ipo tangu 1920 na kabla ya leo haikuwahi kumwachisha kocha mkuu katikati ya msimu. Na asubuhi walimwacha aongee na waandishi kama kocha! Nilitaka aondoke, lakini si hivyo. Mtu mzima huitwa kwanza akaambiwa.

Shangazi Mwanaisha: Hapo umesema. Na yule kijana aliyeangushwa, hakuumia?

Salim: Mzima, Shangazi. Sasa atakuwa na kocha wa muda, Thomas Brown.

Ami Hamadi: Watacheza lini tena?

Salim: Tarehe 8, kwa 49ers. Kwenu itakuwa saa sita na dakika 25 usiku, kuamkia Jumatatu.

Ami Hamadi: Nipigie simu uniamshe.