Leseni ya kampuni si leseni ya uwanja: nani ameruhusu kamari kando ya mechi zetu Likoni?

Ndugu zangu wa Mombasa, jambo hili limenikera na sitalifumbia macho. Katika mashindano ya mtaa yanayoendelea hapa Likoni, kampuni moja ya kamari imeweka meza na mwavuli hatua chache tu kutoka mstari wa pembeni, na mawakala wake wanapokea dau mechi ikichezwa, huku wavulana ambao bado wamevaa sare za shule wakipanga foleni. Hakuna anayeulizwa kitambulisho, ilhali sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari.

Nilipomwomba wakala leseni, alinionyesha picha kwenye simu: leseni ya kampuni, yenye anwani ya Nairobi. Hiyo ndiyo inayohalalisha meza ya Likoni? Hata chini ya sheria ya zamani ya mwaka 1966, Sura ya 131, leseni ya kupokea dau ilikuwa mbali na leseni ya mahali dau linapopokelewa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeigusa kamari kwenye majukumu ya serikali ya kitaifa na ya kaunti pia, na mwaka 2025 tumepata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Sheria tunazo tele, lakini ofisi ya kwanza niliyokwenda ilinielekeza ya pili, na ya pili ikanirudisha kule kule nilikotoka.

Lililonichoma zaidi ni kwamba dau linawekwa kwenye mechi hizi hizi za vijana wetu, ambao hawalipwi hata nauli. Nilimwona mchezaji wa akiba akiinuka benchi, akaenda mezani na jezi yake mwilini, akachukua mkeka wake, yaani karatasi ya dau, akarudi kuketi kungoja kuingizwa. FIFA inawakataza wachezaji walio chini ya kanuni zake za maadili kubeti mechi za kandanda; je, huyu wetu alielezwa na nani? Akikosa penalti kesho, nani ataamini kwamba amekosa kwa bahati mbaya?

Kwa hiyo nawataka waandaaji, kabla ya mechi ijayo, wabandike langoni nakala ya kibali cha kuendesha kamari katika uwanja huu, chenye jina la uwanja na tarehe ya mwisho ya kutumika. Kama hakipo, meza ile iondolewe siku hiyo hiyo, na pesa za dau zirudishwe kwa wenyewe.